WATOTO WETU NA MICHEZO YA BARAFUNI: TUCHAGUE KWA MIZANI, SI KWA HOFU



Wapo watakaosoma kichwa cha makala hii na kucheka. Cibitoke na barafu wapi na wapi? Barafu tunayoijua sisi ni ile ya kwenye friji ya dukani inayopoza maji na soda, na ikiwekwa mezani saa saba mchana haimalizi dakika kumi. Basi cheka, ndugu, lakini ukimaliza soma. Katika mtaa huu ni nyumba chache ambazo hazina mtoto, mpwa au shangazi Ottawa, Gatineau, Montreal au Ulaya. Na kila mwaka baridi ikiingia huko, simu zinapigwa huku. Mtoto amepelekwa na shule yake kwenye kiwanja cha barafu, amependa, sasa anataka kuandikishwa. Mama yake anauliza wazee wa Buja: mnasemaje?

Wazee wanatoa hukumu kwa maneno mawili: "Hayo ya Wazungu." Simu inakatwa. Mtoto wa kiume ataandikishwa hata hivyo, maana baba yake atasema mtoto wa kiume lazima akomae. Mtoto wa kike atabaki kwenye benchi na koti lake, akiwashikia kaka zake mabegi. Hilo ndilo tunalolipinga leo, na tunalipinga wazi.

Tunapinga pia kosa la upande wa pili, la mzazi anayeona barafu kwenye televisheni, akapenda mng'aro wa nguo, akamwandikisha binti wa miaka sita bila kuuliza huo ni mchezo gani, unavaliwa nini, unachezwa saa ngapi na unamalizikia wapi. Miaka minne baadaye, fedha zikiwa zimekwisha na mtoto ameshazama, ndipo anamtafuta sheikh. Ndugu mzazi, sheikh angefaa zaidi mwanzoni.

HOJA YA "HAYO YA WAZUNGU"

Tuanze na hoja hii maana ndiyo inayosikika zaidi. Kama mchezo unakatazwa kwa sababu ulitoka kwa Wazungu, basi tuwaambie vijana wa Cibitoke, Kamenge na Buyenzi waache mpira leo alasiri. Mpira nao ulikuja kwa meli. Hakuna sheikh anayekataza mpira kwa sababu ya asili yake. Wanaokataza jambo ndani ya mpira wanakataza kamari, matusi, kuacha sala na kufunua uchi. Hayo ni makatazo yenye sababu, na sababu hizo ndizo tunazotakiwa kuzipeleka barafuni.

Dini yetu haikutuachia mtoto mlegevu. Tunasoma katika sira kwamba Mtume (s.a.w.) alishindana mbio na Bi Aisha (r.a.), mara ya kwanza akashindwa, na baadaye akashinda. Tunasoma kwamba Wahabeshi walicheza na mikuki yao siku ya Idi msikitini, na Bi Aisha akawatazama hadi aliposhiba. Mwanamke aliyekimbia mbio hakupunguza heshima yake kwa Mwenyezi Mungu. Basi anayetaka kumzuia binti yake alete sababu ya sheria, asilete mazoea ya mtaa kisha akayavika kanzu.

Na kwa wanaosema Mwafrika na barafu haviendani: mwaka 2005 ulifunguliwa uwanja wa barafu katika hoteli ya Panari, barabara ya Mombasa, Nairobi. Uwanja mdogo, wala haufiki kipimo cha kimataifa, lakini hapo ndipo walipojikusanya vijana wa timu ya Ice Lions. Mwaka 2018 walialikwa Kanada, wakateleza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, wachezaji wakubwa kabisa wa hoki duniani. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa la hoki ya barafuni. Nairobi si mbali. Ni jirani yetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

MIZANI YETU

Tunapendekeza mizani yenye mambo manne. Mzazi apime kila mchezo kwa hayo kabla ya kutoa hata faranga moja:

1. Stara: unavaliwa nini, na unachezwa na nani?
2. Usalama: mtoto ataumia wapi, na nini kinamkinga?
3. Sala: mazoezi yanaangukia wakati gani?
4. Gharama: familia inaweza kuendelea nao mwaka wa tatu, si mwezi wa kwanza tu?

Sasa tuipitishe mizani hii katika michezo yenyewe, maana watu wengi wanasema "kuteleza" kana kwamba ni kitu kimoja. Hata viatu havifanani. Kiatu cha hoki kina chuma kifupi kilichopinda mbele na nyuma ili mchezaji ageuke haraka. Kiatu cha wale wanaoruka na kuzunguka kina meno mbele ya chuma. Kiatu cha mbio kina chuma kirefu kilichonyooka. Ukimnunulia mtoto kiatu kabla ya kujua mchezo, umeshamchagulia bila kujua.

HOKI

Huu ndio mchezo ambao wazee wetu wanauogopa zaidi: magongo, kelele, watu kubamizana ukutani. Lakini tazameni mavazi. Mchezaji wa hoki anafunikwa toka kichwani hadi miguuni: helmeti yenye wavu wa uso, kinga ya shingo, mabega, viwiko, glavu, suruali nene, soksi ndefu. Hijabu ya michezo inakaa chini ya helmeti na hakuna anayejua ipo. Katika michezo yote ya barafuni, huu unaoonekana mkali ndio unaomsitiri binti kuliko yote. Fatima Al Ali wa Falme za Kiarabu alicheza hoki na hijabu yake, na mwaka 2017 alialikwa Washington kurusha kisahani cha kufungulia mechi ya timu ya Capitals. Nani aliyesema haiwezekani?

Kuhusu kuumia, hofu ni ya haki lakini ijue mipaka yake. Kugongana kwa kifua kulipigwa marufuku Kanada mwaka 2013 kwa watoto wa miaka 11 na 12, na walio chini yao. Katika hoki ya wanawake ya kimataifa, kumvamia mwenzako kwa mwili ni kosa linaloadhibiwa. Hatari iliyobaki ni chuma cha viatu. Oktoba 2023 mchezaji Adam Johnson alikufa Sheffield, Uingereza, baada ya kukatwa shingoni na kiatu cha mwenzake, na baada ya hapo shirikisho la kimataifa likalazimisha kinga ya shingo katika mashindano yake. Basi mzazi asikubali mtoto aingie bila kinga ya shingo, hata kama ni mazoezi tu, hata kama wenzake hawavai.

Udhaifu wa hoki ni mifuko na saa. Vifaa ni vingi na mtoto anakua, kila mwaka kiatu kipya. Na viwanja vinagawanywa kwa zamu, kwa hiyo timu moja inapewa alfajiri na nyingine usiku. Pia kuna tabia za chumba cha kubadilishia nguo: lugha chafu, ugomvi unaoshangiliwa, matangazo ya kamari kwenye mechi za wakubwa. Baba anayesema mtoto wa kiume akomae, akae naye pale na asikie anachokomazwa nacho.

KURUKA NA KUZUNGUKA

Huu ni ule wa televisheni, wa muziki na nguo za kung'aa. Hapa wazazi wetu wamegawanyika pande mbili, na kila upande umekosa nusu ya habari.

Wanaosema nguo fupi ni lazima wamepitwa na wakati. Tangu mwaka 2004 sheria za kimataifa zinamruhusu mwanamke kushindana akiwa amevaa suruali. Na suala la kichwa lilipiganiwa na binti wa Kiislamu. Zahra Lari wa Abu Dhabi alishindana Canazei, Italia, mwaka 2012 akiwa na hijabu, akakatwa pointi kwa ajili yake. Hakuivua. Yeye na viongozi wa michezo wa nchi yake walikwenda kueleza shauri lao kwa shirikisho la kimataifa, na kanuni ikabadilishwa. Baba yake mwenyewe mwanzoni hakutaka ashindane. Alibadilika alipomwona binti yake amekaa pembeni akiwashangilia wenzake. Wazee wa Cibitoke, isomeni sentensi hiyo mara mbili.

Lakini wanaosema "hakuna shida yoyote" nao wanajidanganya. Mchezo huu hauachani na muziki, na tangu msimu wa 2014 hata nyimbo zenye maneno zinaruhusiwa kwa wanaocheza mmoja mmoja. Familia inayofuata kauli ya wanavyuoni wanaokataza muziki ijue hilo siku ya kwanza, si siku ya mashindano. Mchezo huu unahukumiwa kwa macho, na binti anayekua atasukumwa kila mwaka aonekane zaidi. Na ile ya wawili wawili, mwanamume na mwanamke wakishikana, kwetu sisi haina mjadala. Kwa hiyo tunasema: mtoto mdogo kujifunza mizunguko kwa suruali na fulana ndefu, sawa. Kuupanda mchezo huo hadi juu kunataka familia iliyojiandaa kusema "hapana" mara nyingi, na wengi wetu hatujajiandaa.

MBIO

Mbio za barafuni hazisemwi sana, na tunaona zinaonewa. Hakuna muziki, hakuna majaji wa mapambo, hakuna magongo. Saa na mstari wa mwisho ndivyo vinavyoamua. Kuna za uwanja mrefu wa mita 400, na kuna za uwanja mfupi ambao mzunguko wake ni mita 111 na kidogo, ndani ya kiwanja kile kile cha hoki. Watoto wanaoanza wanavaa nguo za kawaida za mazoezi pamoja na helmeti, glavu na kinga za magoti na shingo. Tatizo linakuja baadaye: mashindano makubwa yanavaliwa nguo moja inayobana mwili mzima. Kichwa kimefunikwa, ndiyo, lakini umbo limeachwa wazi. Kwa mvulana nalo si la kupuuzwa, maana stara haikushuka kwa wasichana peke yao.

RINGETI

Mchezo huu wazazi wa Kanada walio wapya hawaujui, na pengine ndio ungewafaa. Ulibuniwa mwaka 1963 huko North Bay, Ontario, na Sam Jacks, kwa ajili ya wasichana. Badala ya kisahani kuna pete ya mpira, na gongo limenyooka bila kukunjwa mwishoni. Kugongana kwa makusudi hakuruhusiwa. Mavazi ni ya kufunika mwili wote, pamoja na suruali ndefu. Timu nyingi ni za wasichana watupu. Mzazi anayetaka stara, usalama na wenzake wa kike kwa binti yake aulize ringeti kabla ya kuuliza kingine chochote.

SAA ZA SALA: JAMBO TUNALOLISAHAU HUKU

Sisi hapa Bujumbura Magharibi inatufikia karibu na saa 12 jioni mwaka mzima. Tumezoea. Ndiyo maana mzee wa hapa akiulizwa habari ya mazoezi ya jioni anajibu kwa saa ya hapa. Ottawa katikati ya Disemba jua linazama karibu saa 10:20 jioni. Mtoto anatoka shule saa 9, mazoezi yanaanza saa 10, na Magharibi inamkuta ndani ya barafu. Mchezo wowote utakaochaguliwa, mzazi amuulize kocha swali hili kabla ya kulipa: kuna dakika kumi na kona safi? Makocha wengi wanakubali wakiombwa mapema na kwa adabu. Wanaokataa, barafu nyingine zipo.

Na Ramadhani inazidi kuingia ndani ya majira ya baridi. Mwaka 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi, na kila mwaka inarudi nyuma siku 11 hivi. Maana yake ni kwamba mwezi mtukufu sasa unaangukia katikati ya msimu wa hoki. Mpangilio ufanywe mapema, si usiku wa kuamkia mfungo.

KWA ANAYEANZA: KUTELEZA KWANZA, MCHEZO BAADAYE

Mnauliza basi mtoto aanze na upi. Jibu letu: asianze na wowote. Aanze na kusimama, kuanguka vizuri, kuinuka na kusimamisha mwendo. Mambo hayo manne ni ya michezo yote. Kanada kuna mafunzo ya CanSkate yanayowafundisha wote pamoja, atakayekwenda hoki, mbio au kuruka, na wanaoanza wanalazimishwa kuvaa helmeti. Mtoto amalize msimu mmoja hapo, kwa viatu vya kukodi au vilivyotumika. Helmeti tu isiwe kuukuu, na iwe na alama ya CSA. Wasio na uwezo waulize shirika la Jumpstart, linalosaidia familia kulipia michezo ya watoto tangu 2005. Kuomba msaada halali si aibu. Aibu ni kukopa ili binti wa jirani asionekane bora kuliko wako.

Ottawa kuna pia mfereji wa Rideau, unaoganda kwa urefu wa kilomita 7.8, na kuuteleza ni bure. Msimu wa 2022 hadi 2023 haukufunguliwa kabisa kwa sababu barafu haikukaza, kwa hiyo msiutegemee peke yake. Lakini ukifunguliwa, familia nzima iende pamoja: baba, mama mwenye jilbabu lake, watoto. Mtoto anayemwona mama yake anaanguka na kucheka hatachagua mchezo kwa hofu.

Baada ya msimu huo, muulizeni mtoto anapenda nini. Venuste Niyongabo alikuwa mkimbiaji wa mita 1500. Mwaka 1996 kule Atlanta aliiacha nafasi yake ya 1500 kwa Dieudonné Kwizera, akachagua mita 5000, mbio ambazo alikuwa amezikimbia mara mbili tu kabla, akairudishia Burundi dhahabu yake ya kwanza. Mtu mwenye pumzi na miguu anaweza kubadili mchezo. Asiyepewa pumzi na miguu utotoni hana cha kubadili.

NA SISI TULIOBAKI CIBITOKE?

Hapa hatuna barafu na hatutaidai. Lakini viatu vya magurudumu vinafundisha kitu kile kile: uzito kwenye mguu mmoja, goti kukunjwa, macho mbele. Baadhi ya vijana wa hoki wa Nairobi walitokea huko. Shani Davis, Mmarekani mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya mtu binafsi katika Olimpiki ya baridi, mwaka 2006, alianzia magurudumu Chicago. Erin Jackson aliyeshinda mita 500 Beijing mwaka 2022 naye alitoka kwenye magurudumu. Barabara zetu nyingi za ndani ni vumbi, hilo tunalijua. Ua wa shule wenye saruji unatosha. Na tunawaonya vijana: msiige wale wa baiskeli wanaojining'iniza nyuma ya malori kupanda Bugarama. Wao wanatafuta chakula cha watoto. Wewe unatafuta sifa.

NENO LA MWISHO KWA WAZEE

Wazee wetu tunawaheshimu na dua zao tunazihitaji. Ndiyo maana tunawaomba: simu ijayo ikipigwa kutoka huko kwenye baridi, msijibu kwa maneno mawili. Ulizeni yale manne: stara, usalama, sala, gharama. Kisha hukumu itakayotoka iwe moja kwa kaka na kwa dada. Kama sala inamzuia binti saa 10 jioni, inamzuia na mvulana. Kama hoki ni ya matusi, basi ni ya matusi kwa wote wawili.

Agosti 2022 Nazem Kadri, Mwislamu mtoto wa familia iliyohama kutoka Lebanon, alilipeleka Kombe la Stanley msikitini katika mji aliozaliwa wa London, Ontario. Watoto wa Kiislamu walijipanga kuligusa. Miongoni mwao walikuwamo wasichana wenye hijabu. Swali letu kwa kila mzazi ni hili: huyo wako, akirudi nyumbani siku hiyo na kusema "nami nataka kujifunza", atakuta mlango au ukuta?

Mwenyezi Mungu awahifadhi watoto wetu walio karibu na walio mbali, awape afya, haya na msimamo. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam aleykum.